Maziwa yakikauka: Vyakula vya mimea pekee katika majiko ya Garissa na Kaskazini Mashariki

MWISHONI mwa mwaka wa 2006, mvua kubwa iliyofurika nyanda za Kaskazini Mashariki ilifuatwa na mkurupuko wa homa ya Bonde la Ufa mjini Garissa na viunga vyake. Ugonjwa huo huenezwa na mbu, na pia humpata mtu agusaye damu au nyama mbichi ya mnyama aliyeambukizwa. Kufikia wakati ulipodhibitiwa mwaka wa 2007, ulikuwa umewaua zaidi ya watu 150 nchini Kenya. Uchinjaji ulipigwa marufuku, biashara ya mifugo ikasimama na bucha zikafunga milango. Wenyeji ambao tangu jadi walihesabu utajiri kwa ngamia, ng'ombe na mbuzi walijikuta wakikitazama upya kitu ambacho wengi wao walikiona kuwa cha kujazia sahani tu, yaani gunia la maharagwe.

Hali hiyo haikuwa ya kwanza wala ya mwisho. Kati ya mwaka wa 2020 na 2023, misimu mitano ya mvua ilipita bila mvua ya kutosha na zaidi ya mifugo milioni 2 wakafa katika maeneo kame ya Kenya. Kaunti za Garissa, Wajir na Mandera zilikuwa miongoni mwa zile zilizoathirika vibaya. Katika maboma mengi maziwa yalikauka kabla ya nyama kwisha, na kilichobaki jikoni kikawa nafaka, jamii ya kunde, mafuta, sukari na majani ya chai.

Kwa hivyo, mlo wa mimea pekee katika eneo hili si mtindo ulioletwa na wageni. Ni daraja ambalo familia huvukia kiangazi. Swali lililo muhimu ni jinsi daraja hilo linavyojengwa, kwa maana mlo huo ukipangwa vyema hulisha mwili, na ukipangwa ovyo hushibisha tumbo huku mwili ukidhoofika. Makala haya yanaeleza vyakula hivyo, namna vinavyopikwa nyumbani kwa vifaa vya kawaida, na mahali ambapo mpishi anapaswa kuwa mwangalifu.

MAANA YA MLO WA MIMEA PEKEE

Mtu anayekula mimea pekee huepuka nyama ya kila aina, samaki, mayai, maziwa na vyote vitokanavyo nayo, ikiwemo samli. Wengi huepuka hata asali. Mtindo huo ulipewa jina na chama maalum nchini Uingereza mnamo Novemba 1944, chini ya Donald Watson na wenzake, na tangu mwaka wa 1994 Novemba mosi huadhimishwa duniani kuwa siku ya wafuasi wake.

Katika Kaskazini Mashariki ni nadra kumpata mtu aliyejiwekea sharti la namna hiyo. Nyama ni heshima ya mgeni, na maziwa ya ngamia ni chakula, kinywaji na fahari kwa pamoja. Hata safari ndefu za wafugaji zilitegemea nyirinyiri, ile nyama iliyokatwakatwa, ikakaushwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta. Hata hivyo, ukiziangalia sahani za kila siku, utaona kwamba nyingi zina msingi wa mimea, na kwamba samli au maziwa huongezwa mwishoni tu. Mpishi akibadilisha kiungo hicho kimoja, chakula kizima huwa cha mimea bila ya kupoteza asili yake.

MAHALI VYAKULA VINAPOTOKA

Garissa iko takriban kilomita 370 mashariki mwa Nairobi, katika nchi yenye joto kali na mvua haba. Lakini Mto Tana hupita kando ya mji, na ukingo wake ni bustani. Wamunyoyaya, na wakulima wengine waliojiunga nao miaka ya baadaye, wakiwemo Wasomali walioacha ufugaji baada ya kupoteza mifugo, hulima ndizi, maembe, mapapai, matikitimaji, nyanya, vitunguu na kunde. Kusini zaidi, jamii za Wamalakote na Wapokomo zimelima kando ya mto huohuo kwa vizazi vingi.

Mandera nayo ina Mto Daua, mpakani mwa Kenya na Ethiopia, ambako hulimwa vitunguu, ndizi, maembe na simsim. Wajir haina mto wa kudumu. Wakazi wake hutegemea visima, na sehemu kubwa ya chakula chao husafirishwa kwa malori kutoka mbali.

Barabara ya kutoka Nairobi hupitia Mwingi, eneo la Wakamba linalosifika kwa ndengu, na kwa njia hiyo nafaka na jamii ya kunde hufika sokoni Garissa. Mchele, tambi na unga wa ngano pia huletwa na wafanyabiashara. Kupenda tambi, ambazo Wasomali huziita baasto, ni urithi wa utawala wa Waitaliano katika Somalia, na pendo hilo lilivuka mpaka pamoja na watu.

Chimbuko jingine ni kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizoanzishwa mwaka wa 1991 na ambazo mwaka wa 2011, wakati wa ukame na njaa nchini Somalia, zilikuwa na zaidi ya watu 400,000. Kwa miaka mingi posho ya kambini imekuwa nafaka, jamii ya kunde, mafuta ya kupikia na chumvi. Kuanzia mwaka wa 2016, sehemu ya posho hiyo ilitolewa kwa njia ya fedha za simu ziitwazo Bamba Chakula, ili familia ijinunulie mahitaji sokoni. Huko ndiko wanawake walikopata ujuzi mkubwa wa kugeuza unga, maharagwe na mafuta kuwa mlo wenye ladha.

ANJERA, MKATE WA ASUBUHI

Chakula cha kwanza cha siku katika nyumba nyingi ni anjera, ambayo Wasomali huandika canjeero. Ni chapati laini yenye vitundu upande wa juu, ndogo na nyembamba kuliko ile ya Ethiopia. Uji wake huchachushwa usiku kucha, na uchachushaji huo una faida mbili: huleta ladha ya ukali kidogo, na hupunguza vile vitu vilivyomo kwenye nafaka ambavyo huzuia mwili kufyonza madini ya chuma.

Mahitaji

Unga wa ngano vikombe 2
Unga wa mtama au wa mahindi kikombe 1
Hamira kijiko 1 cha chai, au vijiko 3 vya mezani vya uji wa anjera uliobakizwa jana
Chumvi nusu kijiko cha chai
Maji ya vuguvugu vikombe 3 au zaidi kidogo

Namna ya kutayarisha

Changanya unga wote na hamira katika bakuli kubwa. Tia maji kidogo kidogo huku ukipiga kwa mkono au kwa mwiko hadi madonge yaishe na upate uji mwepesi. Funika, uache mahali pasipo na upepo hadi asubuhi. Kwa kuwa usiku wa Garissa una joto, saa sita hadi nane zinatosha. Ukizidisha, uji utakuwa mkali mno.

Asubuhi tia chumvi, ukoroge taratibu. Bandika chuma bapa juu ya moto wa wastani, ukipake mafuta machache kwa kitambaa safi. Mimina upawa mmoja katikati, kisha kwa tako la upawa utandaze kwa kuzungusha kutoka katikati kwenda nje. Funika kwa kifuniko. Anjera haigeuzwi, vitundu vikitokea na uso ukikauka, imeiva.

Kwa kawaida hupakwa samli. Kwa mlo wa mimea pekee, mafuta ya simsim hushika nafasi hiyo, tena ndiyo desturi ya tangu zamani katika nyumba nyingi za Wasomali. Nyunyiza sukari kidogo, ule kwa chai ya rangi iliyotiwa iliki na mdalasini. Uji huo ukitiwa mayai na maziwa huwa malawax, ambacho ni chakula kingine.

Ndugu wa anjera ni muufo, mkate wa unga wa mahindi uokwao katika tanuu la udongo, ambao Mswahili wa pwani atautambua mara moja kwa jina la mkate wa mofa. Huo nao hauhitaji maziwa wala mayai.

AMBULA, CHAKULA CHA JIONI

Iwapo kuna sahani moja inayostahili kuitwa malkia wa vyakula vya mimea katika eneo hili, ni ambula, au cambuulo kwa maandishi ya Kisomali. Ni maharagwe madogo mekundu yaliyochemshwa kwa moto mdogo hadi yakalainika kabisa, yakatiwa sukari na mafuta. Mgeni kutoka bara hushangaa kuona maharagwe yakitiwa sukari. Mwenyeji naye hushangaa kuona yakiliwa bila hiyo.

Mahitaji

Maharagwe madogo mekundu vikombe 2 (yakikosekana, kunde)
Maji vikombe 7
Mafuta ya simsim vijiko 3 vya mezani
Sukari vijiko 2 hadi 4 vya mezani
Chumvi nusu kijiko cha chai

Namna ya kutayarisha

Chambua maharagwe uondoe mawe na yale yaliyooza. Yaoshe, uyaloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji ya kulowekea, utie maji mapya, kisha uchemshe kwa moto mkali kwa dakika 10 kamili kabla ya kupunguza moto. Hatua hiyo isirukwe, hasa kwa maharagwe mekundu makubwa, kwa sababu yana sumu asilia ambayo huharibiwa na mchemko mkali, wala si na moto mdogo peke yake. Acha yatokote polepole kwa saa moja hadi mbili, ukiongeza maji ya moto yanapopungua. Tia chumvi yakishaiva.

Yakaushe maji, uyapakue katika sinia, umimine mafuta ya simsim na kunyunyiza sukari. Familia nyingine huyachanganya na wali au mtama uliochemshwa. Mchanganyiko huo una hekima ndani yake. Maharagwe makavu yana takriban gramu 20 hadi 25 za protini katika kila gramu 100, lakini hupungukiwa na baadhi ya viini vya protini ambavyo nafaka inavyo, nayo nafaka hupungukiwa na vile ambavyo maharagwe yanavyo. Vikiliwa pamoja katika siku moja, kimoja huziba pengo la mwenzake.

Sanjari na ambula huandaliwa buni. Hizi ni buni za kahawa zilizokaangwa katika mafuta pamoja na maganda yake, ambazo hutafunwa nzima baada ya mlo au hutolewa kwa wageni. Wasomali na Waborana wote wana desturi hii. Pale ambapo samli ndiyo ya asili, mafuta ya simsim huchukua nafasi yake bila tatizo.

MAHINDI, UGALI NA MBOGA ZA MAJANI

Mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ambayo sehemu nyingine za Kenya huitwa githeri, yamekuwa chakula cha kawaida shuleni na nyumbani. Kipimo kizuri ni sehemu mbili za mahindi kwa sehemu moja ya maharagwe. Baada ya kulowekwa usiku na kuchemshwa hadi kulainika, hukaangwa kwa vitunguu, nyanya, kitunguu saumu na mchanganyiko wa viungo ambao Wasomali huuita xawaash. Mchanganyiko huo, wenye bizari nyembamba, mbegu za giligilani, pilipili manga, iliki, karafuu, mdalasini na manjano, hukaangwa pakavu kidogo, ukasagwa na kuhifadhiwa katika chupa iliyofungwa vyema. Kijiko kimoja cha chai huifanya sahani ya watu wanne kunukia hadi nyumba ya jirani.

Ugali, au soor, hupikwa kwa unga wa mahindi au wa mtama. Mahali pa maziwa ya mgando, mboga ifaayo ni majani ya kunde. Yachume yakiwa machanga, uyaoshe, uyakatekate, kisha uyapike na kitunguu na nyanya kwa dakika 10 hadi 15. Majani hayo yana madini ya chuma pamoja na kiini cha vitamini A, ambacho mwili hukifyonza vizuri zaidi kikiambatana na mafuta kidogo. Kamua limau juu yake wakati wa kula, kwa kuwa vitamini C iliyomo husaidia mwili kuyapokea madini ya chuma.

Wasio na shamba wanaweza kupanda majani ndani ya gunia lililojazwa udongo na samadi, lenye kokoto katikati za kupitishia maji. Kilimo hicho kimetumiwa katika kambi za Dadaab, na maji yaliyosukia mchele au mboga hutosha kukinywesha kwa sehemu kubwa.

Wali na baasto nazo ni sahani za mimea endapo mchuzi wake ni wa viazi, karoti, nyanya na xawaash. Ndizi mbivu huwekwa kando ya sahani na kuliwa tonge kwa tonge pamoja na wali. Desturi hiyo huwachekesha wageni siku ya kwanza, na kufikia siku ya tatu wao ndio wanaoulizia ndizi.

BAJIA ZA KUNDE NA BASBAAS

Vitafunio vya jioni huuzwa barabarani na hupikwa zaidi mwezi wa Ramadhani, wakati futari huanza kwa tende na maji kisha vikafuata sambusa, bajia na uji. Bajia za Kisomali hutofautiana na zile za viazi zilizozoeleka Nairobi kwa kuwa hutengenezwa kwa kunde zilizosagwa.

Mahitaji

Kunde kavu vikombe 2
Kitunguu maji kikubwa 1
Kitunguu saumu punje 4
Pilipili mbichi 2
Dania fungu 1 dogo
Bizari nyembamba kijiko 1 cha chai
Chumvi kijiko 1 cha chai
Mafuta ya kukaangia

Namna ya kutayarisha

Loweka kunde usiku kucha. Zisugue kwa viganja ndani ya maji hadi maganda yatoke na kuelea, uyamwage. Twanga au saga kunde pamoja na kitunguu saumu, pilipili na chumvi bila kuongeza maji, au kwa kijiko kimoja au viwili tu. Uji ukiwa mwepesi, bajia zitanyonya mafuta na kusambaratika. Piga mchanganyiko kwa mwiko kwa dakika chache upate hewa, kisha utie vitunguu na dania zilizokatwakatwa pamoja na bizari.

Pasha mafuta katika karai. Chota kwa kijiko, udondoshe matonge madogo, uyageuze hadi yawe na rangi ya dhahabu pande zote. Yatoe na uyachuje mafuta.

Bajia hazikamiliki bila basbaas. Saga pamoja pilipili mbichi, dania, kitunguu saumu, chumvi na maji ya ndimu. Wengine hutia nyanya au ukwaju ili kupunguza makali. Basbaas hiyohiyo huliwa kwa ugali, wali na viazi karai, yaani vile viazi vilivyochemshwa, vikachovywa katika uji wa unga wenye manjano na kukaangwa.

SAMBUSA ZA KAMANDE

Sambusa ya nyama ndiyo maarufu, lakini ya kamande hugharimu kidogo na haiharibiki haraka kama ya nyama katika joto la Garissa.

Chemsha kikombe kimoja cha kamande katika vikombe viwili na nusu vya maji kwa takriban dakika 20, hadi zilainike bila kupondeka, uzikaushe maji kabisa. Kaanga kitunguu kimoja kwa mafuta machache, utie kitunguu saumu, kijiko kimoja cha xawaash, pilipili na chumvi, kisha kamande. Epua, utie dania na uache ipoe. Ikifungwa ingali moto, mvuke wake hulainisha manda na kuipasua.

Kwa manda, kanda vikombe viwili vya unga wa ngano kwa chumvi, kijiko kimoja cha mafuta na maji ya kiasi hadi upate donge gumu kidogo. Lipumzishe kwa nusu saa. Gawa katika madonge manane, usukume kila moja liwe jembamba, ulichome kidogo kwenye chuma kikavu pande zote, ukate nusu mbili. Kunja kila nusu iwe mfano wa kikombe cha pembe, ujaze kamande, ufunge kwa gundi ya unga na maji. Kaanga kwa moto wa wastani. Utapata sambusa 16.

KASHATA ZA SIMSIM

Simsim ni tunu ya maeneo haya. Ina mafuta mengi, na ikiwa haijamenywa ina kalsiamu nyingi, madini ambayo mtu asiyekunywa maziwa anayahitaji sana kwa mifupa yake.

Kaanga vikombe viwili vya simsim pakavu kwa moto mdogo, ukikoroga bila kuacha, hadi ianze kurukaruka na kunukia. Iepue. Katika sufuria hiyohiyo yeyusha kikombe kimoja cha sukari bila maji hadi iwe na rangi ya asali. Tia simsim na iliki iliyosagwa, ukoroge upesi, umimine juu ya ubao au sinia iliyopakwa mafuta. Tandaza kwa chupa na ukate vipande kabla haijapoa, kwa sababu ikishapoa haikatiki. Watoto wasikaribie jiko wakati huo. Sukari iliyoyeyuka huunguza vibaya kuliko maji.

Asiyetaka sukari aponde tende zilizotolewa kokwa pamoja na simsim iliyokaangwa, kisha afinyange vidonge. Vidonge hivyo hukaa siku kadhaa katika kopo lenye kifuniko bila jokofu. Kwa vinywaji, juisi ya ukwaju ulioloweshwa na kuchujwa, maji ya ndimu na embe lililopondwa hutosha kuteremsha vitafunio hivyo.

MAHALI AMBAPO MLO HUU HUPUNGUKIWA

Yapo mambo ambayo mpishi hapaswi kuyafumbia macho. La kwanza ni vitamini B12, ambayo hujenga damu na kuilinda mishipa ya fahamu. Haipatikani kwa kiasi cha kutegemewa katika chakula chochote cha mimea. Familia iliyozoea maziwa huwa na akiba yake mwilini ambayo hupungua polepole, hivyo dalili zaweza kuchelewa kwa miaka. Mtu anayeamua kula mimea pekee kwa muda mrefu anahitaji vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo.

La pili ni watoto. Mtoto aliye chini ya miezi sita hapaswi kupewa chochote ila maziwa ya mama. Baada ya hapo tumbo lake ni dogo, na sahani ya ugali mweupe au anjera tupu hulijaza kabla hajapata virutubishi vya kutosha. Uji wake uchanganywe na unga wa kunde, njugu au simsim iliyosagwa laini, na tone la mafuta. Yai au kikombe cha maziwa kikipatikana, mtoto na mama mjamzito wawe wa kwanza kupewa. Kuwalisha mimea pekee kwa hiari bila ushauri wa mhudumu wa afya ni kuwatia hatarini.

La tatu ni chai. Chai inywewayo pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mimea. Afadhali inywewe saa moja baada ya mlo. Desturi hii ni ngumu kuibadilisha katika eneo ambalo birika halikauki, lakini kwa mwanamke mwenye upungufu wa damu ina uzito mkubwa.

La nne ni unga. Tangu mwaka wa 2012 sheria ya Kenya huwataka wasagaji wa viwandani kuongeza madini ya chuma, zinki na baadhi ya vitamini katika unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwa pakiti. Unga wa kusagiwa mtaani hauna nyongeza hiyo.

UHIFADHI NA KUNI

Mahindi na njugu zisizokaushwa vyema huota ukungu unaotoa sumu ya aflatoksini. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 katika maeneo ya Ukambani, hasa Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kupika hakuiondoi. Nafaka yenye ukungu, harufu ya uvundo au rangi isiyo ya kawaida itupwe, na gunia liwekwe juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta.

Chakula kilichopikwa nacho hakidumu katika joto la Garissa. Ambula au mahindi yaliyobaki usiku bila jokofu yachemshwe upya hadi yatokote, na yakitoa povu au harufu chachu yatupwe.

Kuhusu kuni, ambazo wanawake wa Dadaab na vijijini huzitafuta kwa kutembea masafa marefu, kuloweka ni akiba isiyogharimu kitu. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi zaidi kuliko makavu. Sufuria ikifunikwa, kisha ikaviringishwa blanketi baada ya kutokota kwa muda, huendelea kuiva bila moto.

Mwisho, anayemwandalia mgeni asiyekula chochote cha mnyama na achunguze viungo vilivyojificha, kama vile samli ndani ya halua, maziwa katika mkate wa dukani, na vidonge vya mchuzi vilivyotengenezwa kwa nyama au kuku.

Mvua ikinyesha na ngamia wakizaa, maziwa yatarudi vibuyuni na hakuna atakayeyakataa. Lakini kila kiangazi kinapoingia, mzigo wa kwanza hutua jikoni, na anayeubeba ni mama mwenye kikombe kimoja cha kunde, unga kidogo na watoto wanaongoja. Kwake yeye, kujua kwamba kunde hizo zinahitaji nafaka kando yake, limau juu yake na chai baadaye, ni elimu ya kumlindia mwanawe afya hadi mvua inyeshe. Akiba haiozi, walisema wahenga, na ujuzi wa jikoni ni akiba ambayo ukame hauwezi kuikausha.